Kuku Amepona, Lakini Umurudishe Lini Pamoja na Wengine?



Kila mwaka, zaidi wakati wa kiangazi, kuna vijiji kwenye ugonjwa unapita mu kuku. Asubuhi unakuta mumoja amelala na mabawa chini. Kesho wanakuwa watatu. Wiki moja kisha, karibu nyumba yote imeisha. Wakati ugonjwa unatulia, kunabakia kuku wachache: wawili ao watatu wenye waligonjwa na wakapona, na wengine wenye ulikuwa umewatenga mapema kwa upande mwengine wa kiwanja. Sasa unajiuliza: niwarudishe wote pamoja lini?

Mu mikutano, jibu lenye tunasikia mara mingi ni hili: «Anakula, anatembea, amepona. Umurudishe tu.» Jibu hilo limemaliza kuku wengi. Kupona ni jambo moja, na kuacha kuambukiza ni jambo lingine. Mu makala hii tunaeleza tofauti hiyo, kisha tunaonyesha namna ya kuwarudisha kuku bila kupoteza wale wenye wamebakia.

Fanya hesabu mbele ya kuharakisha

Tuchukue mufano. Mama mumoja amebakia na kuku 12 wenye hawakugonjwa, na 2 wenye walipona. Akingoja wiki sita mbele ya kuwachanganya, atapoteza nini? Chakula kidogo, kazi ya kuchota maji mara mbili, na pengine kikao kimoja cha mayai. Kuku wa kienyeji anataga kama mayai 10 mupaka 15 kwa kikao kimoja. Hiyo ni hasara, tunakubali.

Lakini akiharakisha, na wale 2 wangali wanaambukiza, anaweza kupoteza wote 12. Na kuku 12 si nyama tu. Ni karo ya shule, ni dawa ya mutoto usiku, ni mchango wa AVEC. Kwa hiyo kungoja si uvivu. Ni kulinda benki yako.

Kwanza ujue ni ugonjwa gani ulipita

Hakuna hesabu moja ya siku yenye inafaa kwa magonjwa yote. Kuna magonjwa kwenye kuku anapona na kuwa musafi kisha wiki fulani. Kuna mengine kwenye anapona kwa macho tu, lakini anabeba ugonjwa mupaka siku ya kufa. Kwa hiyo umuite veterineri wa IPAPEL ao animatere wa koperative mapema, wakati kuku wangali wagonjwa. Umuonyeshe kuku mugonjwa ao mwenye amekufa sasa hivi. Ukingoja mupaka wote wapone, itakuwa vigumu kwake kujua.

Newcastle (wengine wanaita kideri ao mudondo). Kuku anapumua kwa shida, anafungua mudomo, anahara majimaji ya kijani, mabawa yanaanguka. Wengine shingo inapinda ao miguu inakufa. Wengi wanakufa kwa siku chache. Hii ni virusi, na hakuna dawa ya kuiponyesha: si tetra ya sokoni, si pilipili, si majani. Kuku mwenye amepona anaweza kuendelea kutoa virusi mu mavi na mu makamasi kwa wiki kadhaa, hata kama anakula vizuri. Sisi tunashauri: uhesabu wiki 4 tangu siku kuku wa mwisho alionyesha alama ya ugonjwa, na wiki 6 kama uko na vifaranga ao kuku wenye hawajachanjwa. Usihesabu tangu siku ugonjwa ulianza. Kila wakati kuku mupya anagonjwa, hesabu inaanza tena kwa moja.

Mafua ya kuku, yenye waganga wanaita koriza. Uso unavimba, macho yanajifunga, makamasi yanatoka na yananuka vibaya. Hapa watu wengi wanadanganyika, juu dawa za antibiotiki zinasaidia na kuku anapona haraka. Lakini kuku huyo anabakia na vijidudu mu pua. Miezi kadhaa kisha, unanunua jogoo mupya muzima, unamuweka pamoja naye, na kisha siku mbili ao tatu jogoo anaanza kuvimba uso. Unalaumu mwenye alikuuzia, kumbe ugonjwa ulikuwa kwako. Kwa koriza, hakuna siku za kungoja zenye zinatosha. Kuku mwenye alipona asichanganywe hata siku moja na wale wenye hawajawahi kugonjwa.

Kolera ya kuku, typhoïde ya kuku, na kikohozi cha muda murefu. Magonjwa haya matatu yako sawa na koriza: mwenye amepona anaweza kubeba ugonjwa maisha yake yote. Tena typhoïde na kile kikohozi vinaweza kupita ndani ya yai. Kwa hiyo usilalishe mayai ya kuku mwenye aliponea magonjwa hayo mawili. Vifaranga vitazaliwa na ugonjwa tayari.

Ndui ya kuku. Vidonda ao magamba mu kilemba, kwenye macho na kwenye mudomo. Huu ni mupole zaidi. Kuku anapona kwa wiki tatu ao ine na anabakia na kinga muda murefu. Ungoje magamba yote yaanguke na ngozi iwe safi. Lakini yale magamba yanabakia na virusi kwa miezi, kwa hiyo ufagie na kuchoma takataka zote za nyumba. Mbu pia anaeneza ndui. Umwage maji yenye yanasimama mu makopo na mu matairi ya zamani karibu na kiwanja.

Kuhara damu kwa vifaranga. Mwenye amepona anaweza kurudi, lakini takataka za chini zikuwe kavu na mupya. Ugonjwa huu unakaa mu takataka zenye kulowa kuliko mu kuku mwenyewe.

Homa ya ndege. Kama kuku wengi, pamoja na bata, wanakufa kwa mara moja, usichinje, usiuze, usihamishe. Uite serikali siku ile ile. Mwaka 2017 homa hiyo ya aina H5N8 ilionekana hapa inchini, Ituri, kando ya Ziwa Albert. Hapo hakuna habari ya kurudisha wenye walipona. Serikali ya mifugo njo itasema cha kufanya.

Mahali pa kuwatenga

Kutenga si kufunga kuku kwa kamba chini ya mwembe, mita mbili na wenzake. Mahali pa kutenga panapaswa kuwa mbali kadiri kiwanja kinakubali, na kwa upande wenye maji ya mvua hayatiririki kwenda kwa kuku wazima. Kibanda kidogo cha miti na mianzi kinatosha, kama kina kivuli na upepo unapita.

Wakuwe na sahani yao ya maji na chombo chao cha chakula. Vyombo hivyo visivuke upande mwengine. Kila siku uanze na kuku wazima: uwape chakula, maji, ufagie. Kisha uende kwa wale wenye walipona. Usirudi nyuma. Ukitoka kule, unawe mikono na sabuni, usafishe sandale ao buti. Watu wengi wanatenga kuku vizuri, lakini mutoto mumoja na ufagio mumoja wanapita pande zote mbili, na ugonjwa unapita pamoja nao.

Chukua kaye moja, uandike: tarehe ya kuku wa kwanza kugonjwa, tarehe ya kuku wa mwisho kugonjwa, wangapi walikufa, dawa gani ilitolewa. Kichwa kinasahau, kaye haisahau. Na veterineri akikuja atafurahi.

Safisha nyumba mbele ya kurudisha mutu yeyote mwenye mabawa

Kuku musafi akirudi mu nyumba chafu, umefanya kazi bure. Virusi vya Newcastle vinakaa muda murefu mu mavi na manyoya kama mahali pana baridi na kivuli, na huku kwetu mu milima mahali kama hapo hapakosekani.

1. Toa takataka zote za chini, manyoya, viota vya zamani. Uchome ao uzike. Usiweke mbolea hiyo mu bustani ya jirani mwenye ana kuku.
2. Kwangua mavi yenye yamekauka kwenye miti na kwenye kuta. Osha na maji ya sabuni. Ni kazi ya mikono, lakini hii njo sehemu ya maana kupita zote. Dawa haiui vijidudu vyenye viko chini ya mavi.
3. Ikikauka, mwaga maji ya Javel: kikombe kimoja cha Javel kwa vikombe tisa vya maji. Utayarishe siku ile ile, juu inapoteza nguvu ikikaa. Usiichanganye na dawa ingine ya kusafisha, wala na siki. Kama Javel hakuna, paka chokaa kwenye kuta na miti.
4. Fungua mulango na madirisha, acha jua na upepo viingie. Acha nyumba bila kuku siku 21. Kwa Newcastle, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu siku 21 kuwa muda wenye ugonjwa unaweza kujificha ndani ya kuku mbele ya kuonekana.

Wale wenye walikufa wazikwe ndani ya shimo lenye linapita nusu mita, mbali na chemchemi, na majivu ao chokaa juu. Usiwatupe mu muto. Usiwape imbwa: imbwa atabeba mfupa mupaka kwa jirani.

Chanja wenye hawajagonjwa

Kama ugonjwa ulikuwa Newcastle, wale kuku 12 wa mufano wetu hawana kinga. Wachanjwe mbele wakutane na wale wenye walipona. Chanjo ya I-2 inafaa vijijini: ni tone moja mu jicho, na inavumilia joto kuliko La Sota. Lakini kuvumilia joto haimaanishi kuiacha kwenye jua ao mu mufuko wa suruali safari yote. Uibebe mu kitambaa chenye kulowa ao mu termosi yenye baridi.

Mara ya kwanza, toa tone moja, kisha urudilie baada ya wiki tatu ao ine. Kutoka hapo, kila miezi mitatu ao ine. Kinga haikuji siku ile ile; ungoje wiki mbili ao tatu mbele ya kuwachanganya. Chanja paka kuku wazima. Chanjo si dawa ya kuponyesha, na kuku mwenye tayari ana virusi ndani haitamuokoa.

Jambo moja lenye watu hawapendi kusikia: kuku mwenye amechanjwa halafu akakutana na virusi, yeye hatakufa, lakini anaweza kuvitoa mu mavi bila kuonyesha alama yoyote. Njo maana kuchanja nusu ya kuku na kuacha nusu ni hatari. Chupa moja iko na dozi mingi; wanachama wa jirani wachange, wachanje wote siku moja. Na mwenye anachanja anawe mikono na miguu kati ya nyumba na nyumba.

Kuku wa kupima

Wiki za kungoja zikiisha, usirudishe wote mara moja. Chukua kuku wadogo wawili wenye hawajagonjwa na hawajachanjwa. Uwaweke pamoja na wale wenye walipona, kule mu kibanda cha kutenga, kwa wiki tatu. Wale, wanywe pamoja. Uwaangalie kila asubuhi: wanakula? Mavi yako namna gani? Pua iko kavu?

Wakigonjwa, umepoteza wawili lakini umeokoa wengine, na umejua ukweli. Wakibakia wazima, ni alama nzuri. Hatusemi ni uhakika kamili, juu kwa koriza na kolera mwenye anabeba ugonjwa anaweza kukaa kimya muda fulani kisha akaanza tena kuutoa. Kwa hiyo kipimo hiki kinafaa kwa Newcastle, hakifai kumutetea kuku wa koriza.

Siku ya kurudi

Umefika hapa, wote wako wazima. Sasa kuna hatari ingine: mapigano. Kuku wanajua nani mukubwa na nani mudogo kati yao. Mwenye alitoka wiki sita, akirudi, wanamupokea kama mugeni. Wanamudonoa kilemba, wanamufukuza kwenye chakula. Yeye angali muzaifu, na kuku muzaifu mwenye hali, hanywi, anaweza kugonjwa tena.

Siku tano ao saba mbele, weka wavu ao ukuta wa mianzi kati ya pande mbili, ili waonane bila kugusana. Kisha uwaingize jioni, wakati wengine wamepanda kulala. Uwaweke wawili ao watatu pamoja. Mumoja peke yake njo anapigwa sana. Asubuhi, uwe na vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbali-mbali, ili hakuna mwenye anafungia wengine njia. Tundika majani ya amaranti juu kidogo; wanashugulika na majani, wanasahau kugombana. Mapigano ya siku mbili ao tatu ni kawaida. Damu ikitoka, mutoe mwenye anaumia, umupake dawa ya kidonda, urudilie kisha siku chache.

Kazi ya koperative yote

Jambo hili linagusa zaidi vikundi vyenye vinapitishiana mifugo: unapokea kuku, wanazaa, unapitisha vifaranga kwa mwanachama mwenye anafuata. Ukipitisha kuku mwenye aliponea koriza ao kolera, hupitishi mali. Unapitisha ugonjwa, na mwanachama mwenye anapokea atasema kwamba koperative ilimudanganya. Imani ikivunjika, kikundi kinavunjika.

Tunapendekeza kila koperative iandike mu sheria zake mambo manne:

- Mwanachama mwenye kuku wake wanagonjwa anatangaza kwa komite siku ile ile, bila kufichwa na bila kuchekwa. Mwenye anatangaza mapema asiazibiwe. Alinde wengine, apewe asante.
- Kiwanja chenye kiligonjwa hakipitishi kuku, mayai ya kulalisha, wala jogoo wa kuazima mupaka veterineri ao animatere akubali.
- Kuku mwenye alipona haendi sokoni akiwa muzima ili «afie kwa wengine». Sokoni ugonjwa unapanda moto na kufika vijiji kumi siku moja.
- Kuku mupya, hata wa zawadi ya mahari, anakaa peke yake siku 21 mbele ya kuchanganywa.

Maulizo yenye mulituuliza

«Kuku yangu alipona Newcastle lakini shingo inapinda. Atanyooka?» Mara mingi hapana. Anaweza kuishi, lakini anakula kwa shida. Ni vizuri kumuchinja kuliko kumuacha ateseke.

«Mwenye alipona tunaweza kumula?» Mwenye alipona kweli, ndiyo, akipikwa vizuri. Kama alipewa antibiotiki, uheshimu siku zenye ziko kwenye karatasi ya dawa kwa nyama na kwa mayai. Ukichinja, usiguse macho, juu virusi vya Newcastle vinaweza kumuletea mutu macho mekundu. Zika manyoya na matumbo.

«Kuku wangu wote waligonjwa koriza. Niwaue wote leo?» Hapana. Uwachunge pamoja, usiingize mugeni, usipitishe kwa mutu. Uwale polepole. Wakiisha, safisha nyumba, uiache wazi wiki tatu, kisha uanze na kuku wapya. Vijidudu vya koriza havikai muda murefu inje ya kuku. Shida ni kuku mwenyewe, si nyumba.

Kumbuka

Ujue jina la ugonjwa. Hesabu siku tangu mugonjwa wa mwisho. Safisha mbele ya kupaka dawa. Chanja wenye hawajagonjwa, na ungoje kinga ikuje. Pima na wawili mbele ya kuchanganya wote. Warudishe jioni, wawili wawili. Na ukikosa uhakika, ungoje wiki ingine na umuulize veterineri. Kuku mwenye anangoja mu kibanda chake hakulaumu, lakini kibanda chenye kimebakia bure kitakukumbusha kila asubuhi.